UZI: Mtoto anaandika "sed" wakati neno ni "said". Tuwasaidieje wadogo na spelingi za Kiingereza zisizofuata matamshi?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za saa hizi.

Mtoto wa miaka 6 au 7 aliyezoea kusoma Kiswahili akianza kuandika Kiingereza, daftari lake hujaa "sed", "woz", "skul", "frend" na "bikoz". Mzazi anashika kichwa, kalamu nyekundu inafanya kazi yake, na jioni mtoto anakalishwa mezani aandike kila neno mara 20. Mimi nafundisha madarasa ya chini, na kabla sijasema jinsi ya kuyaondoa makosa hayo nataka kwanza niyatetee.

Tazama hiyo "sed". Mtoto amelisikiliza neno, amegundua lina sauti 3, na kila sauti ameipa herufi yake. Hajabahatisha hata kidogo. Ndivyo Kiswahili kilivyomlea: unachosikia ndicho unachoandika. Sasa Kiingereza kina herufi 26 za kubeba sauti zinazokaribia 44, na irabu zake za kutamka zinafika kama 20 huku herufi za irabu zikiwa ni zilezile 5 tunazozijua. Lazima zibanane.

Hoja yangu ni hii. Neno kama "said" huwa tunamwambia mtoto, "Hili halina kanuni, likariri tu." Si kweli. S ya mwanzo inasema s, d ya mwisho inasema d. Kilichokaidi ni "ai" ya katikati peke yake. "Friend" ina sauti 5 na 4 kati yake ziko sawasawa, mkaidi ni "ie". "School" mkaidi wake ni "ch". Maneno mengi tunayoyaita magumu yana sehemu moja tu iliyoasi, mengine yote yametulia. Kazi yetu ni kumwonyesha mtoto palipoasi, kwingine tuyaachie masikio yake.

Ninavyofanya: nalisema neno ndani ya sentensi, mtoto analirudia. Kitabu hakijafunguliwa na neno halijaandikwa popote. Anahesabu sauti kwa vidole: s, e, d. Nachora visanduku 3 vilivyopangana. Anajaza anavyovijua, s huku, d kule. Cha katikati kinabaki wazi, na hapo namwambia, "Hapa wewe ungeweka e, na ungekuwa na haki. Ila katika neno hili wanaandika a na i." Anaziingiza zote mbili ndani ya kisanduku kimoja, anachora moyo mdogo juu yake, maana hiyo ndiyo sehemu ya kuhifadhi moyoni. Kisha anafunika, anaandika neno zima huku akitamka, anafunua, analinganisha herufi kwa herufi. Akikosea hatufuti. Anatafuta mwenyewe ni kisanduku kipi kilichomponyoka.

Kuna siku mtoto alikataa kuchora moyo juu ya "ai", akachora uso ulionuna. Nikamwacha. Mpaka leo darasani kwangu herufi kaidi zinaitwa "walionuna".

Karibuni. Mwenye njia nyingine ailete.

Baba Pacha

Asante kwa madini, mwalimu. Swali la mzazi wa kawaida: mimi mwenyewe "bad" na "bed" zikitoka mdomoni ni neno moja. Hizo sauti mtoto atazihesabu kwa kumsikiliza nani?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Baba Pacha, hauko peke yako. Sisi tuna irabu 5 na tunaziingiza zote kwenye Kiingereza, ndiyo maana "cat", "cut" na "cart" kwa wengi wetu ni ndugu wa tumbo moja. Kamusi za mtandaoni nyingi zina kitufe cha kusikiliza neno. Kibonyezeni pamoja, msikilize pamoja, wala usijifanye unajua.

Ila usiogope sana lafudhi. Waingereza wenyewe hawatamki sawa, wa kaskazini na wa kusini wanapishana kwenye "bath" na "cup", na wote wanaandika vilevile. Kinachovuruga spelingi zaidi ni ile tabia yetu ya kupachika irabu kila konsonanti mbili zinapokutana: "school" inakuwa "sikuli", "friend" inakuwa "firendi". Hapo sauti zimezidi idadi na visanduku havitoshi. Rekebisha hilo kwanza: atamke s na k zikiwa zimeshikana, na aache l ya mwisho bila kuiwekea mkia.

Mhenga wa Kamusi

Nakazia hoja ya mleta uzi, halafu niongeze kwa nini hizo herufi kaidi zipo, maana mtoto hupokea kisa haraka kuliko amri.

K ya "knee" na "knife" ilikuwa inatamkwa zamani. Wajerumani mpaka leo goti wanaliita "Knie", na k inasikika kavu kabisa. W ya "write" nayo ilitamkwa. "Gh" ya "night" ilikuwa sauti ya kukwaruza, jamaa wa "kh" yetu. Halafu kuanzia kama 1400 hadi 1700 irabu ndefu za Kiingereza zikahama zote, moja ikichukua nafasi ya nyingine. Bahati mbaya katikati ya mhamo huo, mwaka 1476, William Caxton akafungua kiwanda cha kuchapa vitabu Uingereza. Maandishi yakaanza kuganda, vinywa vikaendelea na safari. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 ikaja kukaza mambo ambayo tayari yalikuwa yameachana na matamshi.

Nyingine ziliingizwa na wasomi kwa makusudi. "Debt" ilitoka Kifaransa bila b, wakaichomeka ili ifanane na "debitum" ya Kilatini. "Island" haikuwa na s kabisa. Waliidhania ni ndugu wa "isle" wakaipa s isiyo yake. L ya "could" ni ya kuiga tu: "would" na "should" zilikuwa na l yao halali kutoka kwenye "will" na "shall", "could" ikaona haya kubaki bila.

Yote hayo hutamweleza mtoto wa miaka 6. Cha kumpa ni ukoo. "Two" ina w isiyotamkwa? Mwite "twin", "twice", "twelve", "twenty" na "between" wakae naye mstari mmoja. W inasikika kwa wote hao na wote wanahusu mbili. "One" anashangaza, lakini "only", "alone" na "once" ni watoto wake. "Sign" ina g iliyolala, inaamka kwenye "signal". "Bomb" b yake ya mwisho inaamka kwenye "bombard". Na ile "said" ya mwalimu: iandike chini ya "say", kisha weka "pay" na "paid", "lay" na "laid". Y imeondoka, i na d zimeingia, safari ileile mara tatu. Kilichobadilika kwa "said" ni mdomo tu, maandishi yake yana nidhamu kabisa.

Mtukutu wa Mtaa wa Pili

Hahaha, lugha yenyewe "fish" inaweza kuandikwa "ghoti" bado mnatafuta nidhamu? Gh ya "enough", o ya "women", ti ya "nation". Mwandishi Bernard Shaw alishamaliza huu mjadala.

Mhenga wa Kamusi

Mtukutu, kwanza hiyo si ya Shaw. Anabandikwa tu. Mzaha huo upo kwenye barua ya mwaka 1855, na Shaw alizaliwa 1856.

Pili, "ghoti" inathibitisha kinyume cha unachosema. Hakuna Mwingereza atakayeisoma "fish", na sababu ni kwamba kanuni zipo. "Gh" haisemi f mwanzoni mwa neno hata siku moja, kazi hiyo huifanya zaidi mwishoni kama "rough" na "cough". "Ti" husema sh ikiwa katikati na ikifuatwa na irabu, si ikiwa ya mwisho. O ya "women" haina mwenzake. Kwa hiyo herufi inaangaliwa na mahali ilipokaa na jirani zake. Mtoto akishaelewa hivyo, nusu ya vitisho vimekwisha.

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Hapo kwa jirani ndipo nilipotaka tufike. Kuna mambo matatu ya ujirani ambayo mtoto wa darasa la chini anayamudu vizuri, na yanapunguza orodha ya wakaidi kuliko chochote ninachokijua.

La kwanza, maneno ya Kiingereza hayapendi kuishia na v. Ndiyo maana "have", "give", "live" na "love" zote zina e nyuma. E hiyo haisemi chochote, imewekwa kuizuia v isisimame ukingoni. Mtoto anayeandika "hav" na "giv" namwuliza tu, "V inasimama mwisho?" Anacheka, anaongeza e.

La pili, w huigeuza a inayoifuata ikasikika kama o. "Was", "want", "wash", "watch", "what", hata "swan". Kumbe "was" haijaasi sana. A yake ina sababu, na s inayosema z ameshaiona kwenye "is", "his" na "has". Neno ambalo kila mtu anasema likaririwe, nimelieleza lote kwa sentensi mbili.

La tatu ni ile o inayosikika karibu na a yetu fupi: "come", "some", "love", "son", "monkey", "won". Wanahistoria wa lugha wanaeleza kwamba waandishi wa mkono wa zamani walichora u, m, n na v kwa vijiti vya kusimama vinavyofanana, vikikaa pamoja msomaji hajui kijiti kipi ni cha nani. Wakaweka o badala ya u ili macho yapumue. Mtoto mpe penseli achore vijiti hivyo vya "sun" na "son" vikiwa vimeshikana, ataona mwenyewe.

Mwaka 1966 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya kuipa kompyuta kanuni za sauti na herufi na kuiambia iandike maneno zaidi ya 17,000 ya Kiingereza. Karibu nusu iliyapata sawasawa kwa kanuni peke yake, na mengi kati ya yaliyobaki ilikosea sehemu moja tu. Na mashine ile haikujua maana ya neno wala ukoo wake. Mtoto wako anavijua vyote viwili.

Msema Kweli Hana Rafiki

Mnazungusha mambo. Sisi tuliandika kila neno mara 50 na leo tunaandika Kiingereza bila kukosea. Watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai.

Mama Kiganjani

Msema Kweli, kaa pembeni ya mtoto aliyeambiwa aandike "said" mara 20 umwangalie mkono. Anaanza na s, anashuka nayo ukurasa mzima mpaka chini. Anarudi juu, anashuka na a. Kisha i. Kisha d. Dakika chache amemaliza, mistari 20 imenyooka, na neno "said" hajaliandika hata mara moja. Amechora safu nne za herufi. Usiku muulize, anakwambia "s-e-d".

Msema Kweli Hana Rafiki

Hapo umenichekesha, maana ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Lakini kurudia kuna faida, msitudanganye.

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Kurudia kuna faida kubwa, mkuu, hakuna anayekataa. Tatizo ni kurudia kwa mpigo mmoja. Neno liandikwe leo mara 2 au 3 kwa kufunika, kesho mara 1 bila kuangalia, keshokutwa ndani ya sentensi, wiki ijayo tena kwa kushtukiza. Jumla ni chini ya mara 10 na linakaa. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885 kwamba mazoezi yaliyotawanywa kwa siku hushinda yaliyorundikwa, na wengi waliompima baada yake wamekuta hivyohivyo.

Cha muhimu ni mtoto alivute neno kutoka kichwani. Akilinakili kutoka ubaoni, aliyefanya kazi ni jicho.

Baba Pacha

Kuna orodha zinazunguka mtandaoni, maneno 220, wanasema mtoto ayaone kwenye kadi mpaka ayatambue kwa kuyatazama kama picha. Zinafaa?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Hiyo ni orodha ya Edward Dolch, Mmarekani, aliyoitoa 1936. Ni nzuri kwa kukuonyesha maneno yanayojirudia sana kwenye vitabu vya watoto. Ubaya ni jinsi inavyotumika. Ndani yake kuna "and", "big", "run", "jump", "stop", "help", maneno yasiyo na kosa lolote, na yote yanapigishwa kadi kama picha. Kwa nini mtoto akariri "jump" kwa macho wakati anaweza kuisikiliza na kuiandika?

Halafu habari ya picha yenyewe haisimami. Mtafiti Linnea Ehri amefanya kazi miaka mingi kuonyesha kwamba neno hukaa kichwani pale herufi zake zinapofungwa kwenye sauti zake, moja kwa moja, pamoja na maana. Ndiyo maana unalisoma "said" likiwa kwa herufi kubwa, likiwa kwa mwandiko mbovu wa daktari, hata likiwa kwa rangi nyingine. Picha ingekuwa imeshabadilika kila mara.

Chukua orodha, gawa mafungu mawili. Yanayosikika kama yalivyoandikwa yapeleke kwenye masikio. Yenye mkaidi yapeleke kwenye visanduku. Fungu la pili litakuwa fupi kuliko ulivyodhani. Hata mtaala wa Uingereza wa 2014 umeyatenga maneno ya pekee ya aina hii kwa darasa la kwanza na la pili, "the", "said", "were", "once", "friend", "because" na mengine, na ukiyapitia utaona mengi yana sehemu moja tu ya kushika.

Mama Kiganjani

Mimi naleta mbinu ambayo wazungu wenyewe wanaihangaikia na sisi tumeipata bure. Soma neno la Kiingereza kwa Kiswahili.

Yaani "friend" mtoto aseme "fri-end". "Wednesday" aseme "wed-nes-day" bila kuruka kitu. "Because" ni "be-ka-u-se". "Knife" ni "k-ni-fe". "Island" ni "is-land". Mtoto wetu anasoma herufi zote kwa sauti zake tangu siku ya kwanza, hana haja ya kufundishwa kufanya hivyo. Wanangu wana sauti mbili: ya kusemea na ya kuandikia. Nikiwaita "friend" ya kuandika, wananijibu "fri-end" kwa pamoja kama kwaya.

Teacha wa Fonetiki

Napinga kidogo, dada. Nimeshakutana na watu wazima wanaosema "Wed-nes-day" kwenye kikao na "sub-tle" kwa b nzito. Sauti ya kuandikia imevuka mpaka ikawa ya kusemea.

Mama Kiganjani

Kaka, hao waliona neno kabla ya kulisikia, hiyo ni shida nyingine. Wangu wanalisikia kwanza, wanalitumia kwenye mazungumzo, ndipo wanapewa sauti ya kuandikia. Na wanajua ni mchezo. Ukiwasemea "k-nife" mezani wanakucheka.

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Niko na Mama Kiganjani hapa, kwa sharti la Teacha: sauti ya kusemea itangulie. Na mbinu hii isitumike kwa kila neno. "Said" ukiisoma "sa-id" inasaidia. "One" ukiisoma "o-ne" inasaidia sana, maana neno hilo visanduku vinashindwa nalo, linaanza na sauti ya w ambayo haimo popote kwenye maandishi. Lakini "through" ukiisoma Kiswahili utapata kikohozi.

Mtukutu wa Mtaa wa Pili

Na zile sentensi za kukumbukia, ambazo herufi za kwanza za maneno yake zinaunda neno lenyewe, je? Kuna ile ya tembo wakubwa kwa ajili ya "because".

Mama Kiganjani

Zile za Kiingereza mtoto anabeba mizigo miwili, neno na sentensi yake. Tungeni za Kiswahili. Kwa "said" tuna "Sungura Anaimba Ijumaa Daima". Kwa ule mkia wa "could", "would" na "should" tuna "Oga, Ukauke, Lala, Deka". Hiyo ya pili naipenda kwa sababu inafungua maneno matatu kwa mpigo.

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

"Deka" imenimaliza. Naichukua.

Ila zisizidi tatu nne. Mtoto mwenye sentensi ya kukumbukia kwa kila neno hawezi kuandika aya, kila hatua anasimama kuimba. Neno dogo ndani ya neno kubwa ni jepesi zaidi: "end" ndani ya "friend", "ear" ndani ya "hear", "here" ndani ya "there" na "where", na hayo matatu ya mwisho yote yanahusu mahali, kwa hiyo hayagombani tena na "their".

Shangazi Mtulivu

Naomba kuuliza. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka 9. Anasoma vitabu vya Kiingereza vikubwa tu, lakini akiandika ni vurugu. Neno moja analiandika namna tatu kwenye ukurasa mmoja. Nimwambie asome zaidi?

Teacha wa Fonetiki

Shangazi, kusoma na kuandika haviendi sambamba. Msomaji herufi zote ameshawekewa mbele yake, kazi yake ni kulitambua neno tu. Mwandishi hana wa kumsaidia, anatakiwa kuzitoa herufi zote kwa mpangilio. Kwa hiyo kusoma zaidi peke yake hakutoshi, anahitaji kuandika kwa kuelekezwa.

Angalia aina ya makosa. Akiandika "becoz", "becuz" na "becose", sauti zote zipo. Huyo masikio yake ni mazima, anakosa kuhifadhi wakaidi. Akiandika "bcs" au "beuca", sauti zimepotea au zimeruka mahali, rudini kwenye kuhesabu sauti kwa vidole hata kama ana miaka 9. Na ikiwa shida inaendelea licha ya msaada wa karibu, anapata taabu kutenganisha sauti hata kwa mdomo tu, au kwenye ukoo kuna waliohangaika na kusoma, apelekwe kwa mtaalamu apimwe disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno. Disleksia haina uhusiano na uvivu wala akili ndogo, na anayegunduliwa mapema husaidika zaidi.

Shangazi Mtulivu

Ni hiyo ya kwanza, "becoz" na nduguze. Nimepumua. Asante mwalimu.

Baba Pacha

Swali la mwisho kwangu. Simu na kompyuta zinasahihisha zenyewe. Kuna haja ya kuteseka?

Mhenga wa Kamusi

Programu ya kusahihisha inataka ulikaribie neno. Ukiandika "frend" itakupa "friend". Ukiandika "their" ulipotaka "there", au "one" ulipotaka "won", mara nyingi inaweza kukaa kimya, maana yote ni maneno halali. Na mtoto anayefikiria spelingi ya kila neno hana nafasi kichwani ya kufikiria anachotaka kusema. Anaishia kuandika "good" pale alipotaka "beautiful" kwa kuikwepa.

Mtukutu wa Mtaa wa Pili

"Beautiful" hata mimi naikwepa.

Shangazi Mtulivu

Na hiyo "colour" na "color"? Vitabu vya nyumbani vina zote mbili.

Mhenga wa Kamusi

Ya bila u ni ya Kimarekani, Noah Webster aliisimika na kamusi yake ya 1828. Zote sahihi. Fuateni inayotumika shuleni kwa mtoto, nyingine mwambieni ipo asije akadhani kitabu kimekosea.

Baba Pacha

Mwalimu, tupe basi pa kuanzia. Wiki ya kwanza kabisa.

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Maneno 4, yasizidi. Mimi huanza na "the", "was", "said" na "have", kwa sababu hakuna ukurasa wa kitabu cha watoto usio nayo.

Siku ya kwanza "was" na "have", kwa zile kanuni mbili za w na v. Siku ya pili yanarudiwa kwa kufunika, kisha "said" inaingia na visanduku vyake, na "paid" pembeni. Siku ya tatu "the". Hiyo mwonyeshe "th" ni herufi mbili sauti moja, na e yake haisemi sawasawa, basi. Siku ya nne mpe imla ya sentensi nzima, wala usimpe neno mojamoja: "The man said the dog was big." Angalia, "man", "dog" na "big" ni za masikio tu, anaziandika mwenyewe bila kufundishwa, na zinampa nguvu ya kukabiliana na nyingine. Siku ya tano nyingine: "I have the red pen." Kila kipindi kisizidi dakika 10. Mtoto akianza kuzungusha penseli, funga.

Wiki ya pili "come" na "some" ziende pamoja, na "one" kwa sauti ya kuandikia. Lakini imla ya wiki ya pili iwe na maneno ya wiki ya kwanza ndani yake. Wengi wanasahau hapo, wanaenda mbele na wiki ya nne "said" imeshakuwa "sed" tena.

Mama Kiganjani

Na akikuletea barua aliyoandika mwenyewe, imejaa "frend" na "wot"?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Isome kwanza kama barua, umjibu alichosema. Kalamu nyekundu usiiguse. Yale maneno aliyokwisha kufundishwa mwambie, "Kuna neno moja kwenye mstari huu unalijua, litafute." Atalipata. "Wot" kama hajafundishwa iache ilivyo, ila iandike pembeni kwenye daftari lako. Ndiyo neno la wiki ijayo, na kanuni yake ya w ameshaijua tayari.

Mtukutu wa Mtaa wa Pili

Nimeihifadhi uzi mzima. Mwalimu, ukipata nafasi tuletee na ile "ough", maana "though", "through", "cough" na "rough" zinaninyima usingizi mimi, si mtoto.

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Hiyo si ya miaka 6, Mtukutu. Nitakufungulia uzi wako peke yako.